Siku ya Ndege Jiko Lilale

Mwaka jana nilikaa asubuhi nzima katika ukumbi wa abiria wa uwanja wa Songwe, nikisubiri ukungu uondoke. Ndege yetu ilikuwa imetoka Dar es Salaam, ikafika juu yetu, ikaanza kuzunguka. Tuliisikia wote. Vijana waliokaa nyuma yangu walicheka, wakasema rubani anatafuta pa kuegesha. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza kama ninaumwa, maana nilikuwa nimeushika mkono wa kiti kama mtu anayevuka daraja bovu. Nikamwambia siumwi, ila mlio ule naujua. Ndege inayozunguka bila kushuka hailii kama inayopita, wala kama inayotua. Mlio unakuja, unajaa, halafu unapoa, na kila unapopoa mtu hujiuliza kama ndiyo basi. Niliusikia nikiwa mtoto, Njombe, na kwa kuwa wewe msomaji umekuwa nami hadi hapa, nitakueleza kwa utaratibu jinsi ulivyokuwa.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa chini wa kiwanja cha ndege. Nikisema kiwanja cha ndege usifikirie lami, vioo na vigari vya mizigo. Kilikuwa uwanda mrefu wa nyasi fupi juu ya mgongo wa kilima, na miti ya miwati pande zote mbili. Ng'ombe walichungwa pale. Jumapili vijana wa tarumbeta wa kanisani walifanya mazoezi pale kabla ya ibada, na wakati wa mavuno kina mama walitandika magunia wakaanika njegere. Bibi yangu, mama yake baba, alikata nyasi za kuezekea kibanda cha mbuzi ukingoni mwa uwanda huo, na mimi nilizifunga matita. Nakumbuka harufu ya ganda la muwati lililochunwa, kali na tamu kidogo, na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi hata ukivipuliza. Mtu aliyezaliwa Makambako akija kwetu mwezi wa sita alikuwa anasema Njombe Mungu aliisahau ndani ya jokofu.

Kiwanja kilikuwa na mlinzi, mzee mmoja kutoka Mlangali, mwenye koti la kijeshi na sauti ndogo. Kibanda chake kilikuwa na kitanda, tochi na ramani kubwa ya nchi iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya ugali. Ramani ile ndiyo shule yangu ya kwanza. Niliyoyapata darasani yalikuja baadaye na yalikuwa machache. Ilionyesha viwanja vyote vya ndege. Dar es Salaam, Kilimanjaro na Zanzibar vilikuwa na duara kubwa, kwa sababu vilipokea ndege za kutoka nje. Mwanza, Tabora, Kigoma, Mtwara, Songea, Iringa na vingine vilikuwa na duara dogo. Sisi tulikuwa nukta. Lakini kulikuwa na mstari kutoka kwenye nukta yetu hadi kwenye duara dogo, na kutoka hapo mstari mwingine hadi duara kubwa, na mlinzi alipitisha kidole juu yake polepole akisema, mtu akipanda hapa kwenye nyasi, asipokosea njia, anashuka Ulaya. Mimi niliamini kwamba nchi nzima imeshonwa kwa mistari ile, na kwamba sisi tumo ndani ya mshono.

Ndege ndogo ya abiria ilikuja kwa ratiba inayojulikana. Siku yake tuliifahamu kama siku ya gulio. Na siku hiyo palikuwa na desturi ambayo sijaikuta kokote kwingine nilikoishi.

Siku ya ndege hatukuwasha moto. Nyumba zote zilizokizunguka kiwanja zililaza majiko tangu jioni ya kuamkia siku hiyo. Viazi vilichemshwa mapema, vikafunikwa na kikapu. Asubuhi tulivila baridi, kwa chumvi, na uji wa jana ulioganda kama sabuni. Wazee wenye ulanzi walikunywa ulanzi, wakasema wao wamewasha moto tumboni. Sababu ilikuwa hii. Kiwanja hakikuwa na taa wala mnara. Kulikuwa na mfuko wa upepo juu ya mlingoti, ule wa kitambaa cha mistari myekundu na myeupe, lakini uliibwa, na kwa majuma kadhaa mtoto mmoja wa jirani alikuja kanisani na kaptura ya mistari myekundu na myeupe, na hakuna aliyesema neno maana kaptura ilikuwa imempendeza. Tangu hapo mlinzi aliwasha moto mmoja mwisho wa kiwanja, akaufunika majani mabichi ya miwati, na moshi wake mweupe ndio uliomwambia rubani upepo unatoka wapi. Ukiwa moshi mmoja, unasomeka. Ikiwa na majiko nayo yanafuka, rubani hajui aamini upi. "Rubani hasomi barua," mlinzi alikuwa akisema, "anasoma moshi." Bibi alilifupisha zaidi, akalifanya amri: siku ya ndege jiko lilale.

Sikumbuki mtu yeyote aliyelalamika, na wengi wa waliokula viazi baridi hawakuwahi kupanda ndege maisha yao yote.

Halafu ikaja miaka ile ambayo kila kitu kiliambiwa kijitegemee. Redioni walisema biashara sasa ni huria. Makambako, ambako zamani tulikwenda kuangalia treni tu, kukajaa maduka ya mabati, saruji, redio na nguo za mitumba. Watu walikuja kutoka pande zote za nchi wakapanga vyumba kule, wakauza, wakajenga. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika shirika la umma. Shirika likauzwa, mafundi wakapunguzwa, na baba akarudi nyumbani na sanduku la spana ambalo alilisafisha kila siku kwa mafuta ya taa ingawa hakuna kilichobaki cha kulichafua.

Ndege ya ratiba ikaanza kuruka majuma. Tulilaza majiko, tukala viazi baridi, tukasimama ukingoni tukisikiliza, na anga halikusema kitu. Baadaye ikaacha kabisa. Mlinzi alikaa miezi kadhaa akifyeka nyasi ambazo hakuna aliyemtuma kuzifyeka, kisha naye akarudi Mlangali kulima mahindi. Alipoondoka nilimsaidia kufunga kitanda. Ramani aliibandua, lakini gundi ilikuwa imeshika, na nusu ya chini ya nchi ilibaki ukutani. Alisimama akaitazama nusu hiyo kwa muda, akasema tu kwamba kiwanja kisichotumika hakilali, kinaoza. Mimi sikumwelewa. Nilidhani nyasi haziozi zikiwa hai.

Mahali pa wazi hapakai wazi. Bonde lililo chini ya kiwanja lilikuwa na vinyungu, zile bustani za bondeni tulizolima kiangazi, na chini ya udongo mweusi wa vinyungu palikuwa na udongo wa mfinyanzi mzuri. Watu walitaka nyumba za matofali ya kuchoma na vyumba vya maduka. Baba alikuwa wa kwanza kufyatua. Aliona mbali kuliko wengine, na mikono yake ilijua vipimo. Jirani yetu wa upande wa juu, mpasua mbao aliyekuwa akifanya kazi Matembwe, akafuata, naye akawa na tanuru kubwa kuliko la baba. Kisha wengine. Matanuru yakasimama kwenye ukingo wa kiwanja kwa sababu pale palikuwa tambarare na kavu, na lori lingeweza kufika. Yalichomwa kwa magogo ya miwati mchana na usiku, yakakandikwa tope ili joto lisitoke, yakaachwa yaive kwa siku nyingi. Nilipenda kukaa karibu yake jioni. Yalikuwa na joto kama mnyama aliyelala, na kwenye nyufa za tope ungeona wekundu ukipumua.

Bibi hakuyapenda. Hakusema kwa nini. Alipita mbali nayo akiwa na kikapu chake, kama anavyopita mtu mbele ya mbwa asiyemjua.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Kipupwe kilipoanza akaona damu, akalazwa, na daktari akamweleza baba mbele yangu, maana nilikuwa nimekwenda kupeleka chakula na hakuna aliyekumbuka kunitoa nje. Alisema kondo la nyuma limekaa mlangoni, mahali mtoto anapopaswa kupita. Uchungu ukianza, damu itatoka isiyozuilika. Anahitaji kupasuliwa mahali penye damu ya kutosha ya kumwongezea, nayo ni hospitali kubwa, mbali, na mwendo wa kutwa ndani ya gari ungeweza kuanzisha kile kile tunachokiogopa. Ilikuwepo ndege ndogo iliyobeba wagonjwa. Waliiita kwa simu ya upepo. Ikajibu kwamba itakuja asubuhi inayofuata, ukungu ukiruhusu.

Jioni hiyo bibi alipita nyumba kwa nyumba. Nilimfuata. Kila mlango alisema salamu yake, kamwene, akasubiri kuitikiwa, kisha akasema kesho ni siku ya ndege, inakuja kumchukua mkwe wangu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Wanawake walitoa vyungu mekoni mbele ya macho yetu wakamwagia majivu maji. Mpasua mbao mwenyewe alitoka na birika lake la chai akalimimina chini, akamwambia bibi, "Mama, kesho hata kiberiti hakitalia kwetu." Tulirudi nyumbani tumeshiba shukrani. Watoto walikuwa wamefurahi, maana kuna waliokuwa wadogo mno kukumbuka siku za ndege, nao waliona kula viazi baridi ni sherehe.

Sasa angalia vizuri kosa lilipokuwa, kwa sababu nimelipima miaka mingi na sijaona pa kulihamishia. Usiku ule, pande zote za kiwanja, matanuru yalikuwa yanaungua. Tulipita kando yake tukienda kuzima majiko. Baba alikuwa amekandika lake siku mbili kabla. Hakuna aliyeyafikiria. Desturi ilisema jiko, na jiko ni mafiga matatu na chungu. Tanuru lilikuja baada ya ndege kuondoka. Hayo mawili hayakuwahi kukutana, na hakuna aliyekuwa amezoea kuyaona pamoja. Tuliitii desturi hadi kijinga cha mwisho.

Nimesoma baadaye, katika vitabu vya mitumba ambavyo watu hununua vya kufungia karanga, kwamba asubuhi za baridi hewa ya juu huwa na joto kuliko ya chini, na moshi ukiigonga hauendelei kupanda. Unatambaa. Kulipokucha tukatoka nje, ukungu ulikuwa mwepesi, wa kawaida, ule ambao jua huumaliza. Lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, cha rangi ya maji ya kuoshea mchele, kimekilalia kiwanja kutoka mwisho hadi mwisho. Nyumba zilikuwa safi, bila uzi wa moshi juu ya paa lolote. Moshi wote ulikuwa kwenye kiwanja.

Mama alikuwa ameshaletwa kutoka hospitali kwa machela. Waliiweka juu ya nyasi, pembeni mwa kibanda cha mlinzi, wakamfunika mablanketi mpaka kidevuni. Muuguzi alisimama upande wa miguu yake. Mimi nilikaa upande wa kichwa. Mama aliniuliza kama mdogo wangu amekula, nikasema amekula viazi, akatabasamu akasema basi leo ni siku ya ndege kweli.

Tukaisikia. Ilitokea upande wa Mdandu, ndogo, kama nyuki ndani ya kibuyu. Bibi alikwenda mbio hadi mwisho wa kiwanja, akawasha moto wa ishara mahali pale pale mlinzi alipozoea, akatupia majani mabichi. Moshi wake ukapanda kiasi cha urefu wa mtu, ukalala, ukapotelea ndani ya ule mwingine. Ndege ikapita juu yetu hatukuiona. Ikageuka. Mlio ukajaa, ukapoa.

Hapo ndipo baba alipogeuza kichwa akayatazama matanuru. Nilimwona akielewa. Alikuwa mtu asiyekimbia, lakini alikimbia, akachukua mti wa kusukumia magogo, akaanza kulibomoa tanuru lake mwenyewe. Tope lilipopasuka moshi ulitoka zaidi. Watu wakamfuata na ndoo za maji kutoka bondeni, wakamwagia, na mvuke ukainuka mnene kuliko moshi. Akaenda kwenye tanuru la mpasua mbao. Jirani alisimama mbele yake na mikono wazi. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa anaogopa.

"Fundi, tanuru halizimwi likiwa katikati."

"Mke wangu yuko pale chini."

"Nakuona, Fundi. Lakini ulilobomoa limeongeza moshi au limepunguza? Tazama mwenyewe."

Baba alitazama. Ndege ikazunguka tena, chini zaidi, hata majani ya miwati yakatikisika, na mtoto mmoja akanyoosha kidole akasema ile pale, lakini hapakuwa na kitu. Jirani alikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa baya. Wangeyabomoa juzi, ingekuwa dawa. Asubuhi ile kila walichofanya kilikuwa kuni.

Mlio ukapoa. Tukangoja ujae. Ng'ombe mmoja alikohoa.

"Bado unaisikia?" mama aliniuliza.

Nikamwambia siisikii.

"Basi nifunikeni miguu," akasema. "Miguu ndiyo inayoingiza baridi."

Lori lililoletwa pale asubuhi hiyo kuchukua matofali lilikuwa la mfanyabiashara wa Makambako, mzee wa Kiislamu aliyehamia kutoka Tabora, ambaye baba alimuuzia mara nyingi. Hakuuliza bei wala njia. Aliwaambia wapakiaji wake wajaze magunia ya pumba, wakayapanga chini, wakaweka godoro juu, wakaiinua machela. "Shemeji," alimwambia mama, "gari langu ni zee, lakini lina adabu. Nitaliambia liende kama harusi." Alisema tufike Makambako tupande treni, kwa kuwa reli haina mashimo. Muuguzi akapanda, baba akapanda, na mimi nikapanda kwa sababu mama alikuwa ameshika kidole changu na hakuna aliyetaka kuutenganisha mkono ule.

Tulikwenda polepole sana. Baiskeli zilitupita, waendeshaji wakageuka kutazama kwa nini lori tupu linatambaa. Jua lilitoka. Anga likawa la buluu kali, ile buluu ya kipupwe, na mimi nililichukia. Tulipoanza kuteremka kuikaribia Makambako mama alinibana kidole, na muuguzi akaweka mkono chini ya blanketi, akautoa, akamtazama baba.

Hatukufika stesheni. Mzee wa lori aliliingiza gari moja kwa moja nyumbani kwake, akaita, na wake wa nyumba ile wakatoka na mashuka bila kuuliza sisi ni nani. Walinipeleka uani. Mmoja alinipa chapati na chai ya tangawizi, nikaishika tu. Nilisikia treni ikiingia, ikakaa, ikaondoka. Mama alifariki katika chumba chao cha mbele, na mtoto hakulia.

Tulirudi naye alasiri, kwa lori lile lile. Mzee aliendesha mwenyewe, na hapakuwa na haja tena ya kwenda polepole, lakini alikwenda polepole. Habari zilikuwa zimetutangulia. Tulipopanda kilima cha mwisho nikaona kiwanja chote, kitupu, kinang'aa, kila jani limesimama. Hapakuwa na moshi popote. Matanuru yote yalikuwa yamebomolewa, la mpasua mbao pia. Matofali mabichi na mekundu yamemwagika pamoja kwenye tope, na yeye mwenyewe amekaa juu yake na viganja vyenye malengelenge. Majiko nayo yalikuwa yamelala tangu jana. Siku nzima hakuna aliyethubutu kupika.

Kwetu msiba bila moto haujakuwa msiba. Watu hukaa nje, wanaume upande mmoja, na gogo kubwa huungua katikati mpaka siku ya kuanua matanga. Baridi ilikuwa imeanza kushuka. Magogo yalikuwepo, yamepangwa tayari, na kiberiti kilikuwa juu yake. Kila aliyefika alikitazama, akaenda kukaa, akajikunyata ndani ya shuka. Walitoka Mdandu, walitoka kwa kina mjomba, wote wakakaa kuzunguka magogo baridi. Mchungaji alikohoa, akafungua kitabu, akakifunga.

Bibi alitoka ndani. Alikuwa amefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda shamba. Alipita katikati yao, akaokota kiberiti, akapiga, kikazima, akapiga tena, akainama mpaka moto ukashika gome la muwati. Kisha akasimama, akawatazama wote.

"Washeni," alisema. "Kapikeni, watoto wale. Haiji tena."

Wanawake wakaondoka mmoja mmoja. Muda si mrefu moshi ukatoka juu ya kila paa, ukanyooka juu, mwembamba, kwa kuwa jioni ile palikuwa na upepo. Baba hakufyatua tofali tena. Matofali yaliyobaki watu waliyachukua kidogo kidogo kwa kujengea misingi, na bado ninaweza kukuonyesha nyumba zenye yale yaliyoungua nusu, meusi upande mmoja. Ndege zilikuja tena baadaye, moja moja, na siku hizi wanasema kiwanja kitapanuliwa. Huenda. Watatia lami na taa, na rubani hatahitaji moshi wa mtu. Lakini sijamkuta mtu wa rika la watoto wangu anayejua kwamba kulikuwa na mtaa mzima uliokuwa ukikubali kukaa na baridi na kula viazi vya jana kwa ajili ya abiria usiyemjua. Sisi wenyewe hatukuwafundisha. Tangu jioni ile, ndege iwepo isiwepo, kwetu hakuna aliyelaza jiko.